Mpaka Nta

Kila mkesha wa mtihani huniita,
mimi Qiu Sanniang, binti wa mfuga nyuki,
nije na sufuria yangu na brashi ya manyoya ya mbuzi
nimvike Mtu wa Shaba nguo yake ya usiku mmoja.

Bawabu hanipekui tena. "Makaa yako jikoni," basi.
Nayeyusha nta polepole; ikiharakishwa huungua,
na nta iliyoungua humchefua Daktari Xue,
ambaye pua yake hutambua mizizi kumi kwa mnuso mmoja
na mdomo wake haujawahi kuniambia ahsante.

Amesimama ukumbini, mtupu, kimo cha mwanamume kamili.
Ana masikio, ana kitovu, ana kucha,
na matundu mia sita na hamsini na saba,
kila moja dogo kama mbegu ya ufuta,
kando yake jina limechongwa.
Sikufunzwa kusoma.
Lakini kidole kikipita juu ya herufi miaka kumi na miwili
hatimaye herufi nazo huchoka kunyamaza.

Kati ya gumba na kidole cha shahada: Bonde la Makutano.
Chini ya goti, upana wa vidole vinne: Maili Tatu za Mguu,
kwa aliyechoka, apate kwenda tatu zaidi.
Unyayoni, Chemchemi.
Kwenye kiwiko cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho,
Lango la Roho.
Naziba zote. Ndiyo kazi yangu, kuziba.
Kisha mafundi humjaza maji kutoka kichwani
nao huenda zao kunywa.

Asubuhi vijana huingia mmoja mmoja, sindano mkononi.
Mgonjwa hajalala siku tisa; utachoma wapi?
Akipatia, nta hutoboka, maji huchuruzika, ukumbi hupumua.
Akikosea, sindano hugonga shaba: ti!
Sauti ndogo tu.
Nimemwona mwana wa jemadari akiililia.

Mwaka jana alikuja Pang Zhongli, kutoka Sichuan, juu ya punda wa kuazima.
Ti, ti, ti. Mara tatu.
Nilimkuta nyuma ya jiko, kachuchumaa.
"Nilipajua," akasema, "mkono ndio haukupajua."
Nikakishika kidole chake, nikakiweka chini ya goti lake mwenyewe.
Teremka. Tena. Hapo panapoitika.
Akaniuliza nimejifunzia wapi.
Nikajifanya napuliza makaa.

Mama yangu hakulala siku tisa.
Tabibu wa mjini alitaka bei ya mizinga minane ya nyuki.
Tulikuwa na mitano.
Siku ya kumi akalala, na hakuna aliyethubutu kufurahi.

Usiku huu mtaani wanalipua fataki.
Watu husema wazee wa milimani walikuwa wakipika dawa ya kutokufa,
chungu kikawalipukia, wakaondoka na ndevu nusu
na unga mweusi unaopenda moto.
Mwanga unaingia dirishani, unatoka.
Mafundi wameshakwenda. Maji yamo.

Nachomoa kibanio cha nywele.
Nauchukua mkono wa shaba kama unavyouchukua mkono wa mgonjwa,
kwa chini, usijione umekamatwa.
Sihesabu vidole. Sitazami.
Nachoma.

Yakatoka.
Uzi mwembamba, baridi,
ukapita kwenye kiganja chake, ukaingia kwenye mkono wa nguo yangu
mpaka kwenye kiwiko.
Nikasimama hivyo muda mrefu, nikilowana,
mfaulu asiye na orodha ya kuandikwa jina.

Kisha nikachuna nta iliyobaki pembeni mwa sufuria,
nikaipasha kwa pumzi, nikaziba,
nikalainisha kwa gumba.
Alama ya gumba imebaki. Ukiinamisha taa utaiona.
Kesho kijana fulani, akitetemeka, ataiona,
atadhani ni kasoro ya kazi yangu,
na atachoma papo hapo.