Stesheni Moja Nyuma

Bibi wa spika leo yuko nyuma stesheni moja.
Tangu Carlisle, wanasema. Waya umelegea, au hesabu imemteleza,
walipofika Brampton akatangaza Wetheral
kwa sauti ile iliyopigwa pasi, isiyo na mate wala mafua,
sauti ya mtu ambaye hajawahi kukimbilia treni.

"Msimsikilize huyo," anasema kondakta Robson
akipita na mashine yake ya tiketi.
"Mwenye roho humu ndani ni mimi."
Ajuza mwenye mbwa aliyelowa anacheka.
Februari. Vioo vinatoka jasho,
behewa linanuka mbwa na siki ya chipsi za jana.

Mimi nimepandia Haltwhistle, natoka zamu ya usiku,
kugeuza wazee vitandani, ubavu huu, ubavu ule.
Nasinzia. Yeye haniachi.
Huingia sikioni bila hodi, hamkii mtu,
na tukichelewa hutamka lile neno lao
ambalo ni moja kwa mambo mawili.
Kwetu mwenye kosa husema samahani,
asiye na kosa husema pole.
Miaka sita kwenye reli hii
na sijajua yeye husema lipi.

Tumeiacha Bardon Mill, mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa,
simu ikatetema pajani.
Mbeyu, kutoka Kinango.
Mbeyu hubip tu, nikampigia mimi.
Leo kapiga, kwa vocha yake mwenyewe,
na hapo nikajua, kabla hajatamka.
"Mwero," akasema. "Alfajiri hii. Kaka yetu Mwero."
Kisha kilima kikaumeza mtandao.

Nikabaki na simu sikioni, kama mtu anayepima joto la kikombe.
Ajuza akampangusa mbwa masikio.
Ndipo bibi wa spika akafungua kinywa:
tumechelewa dakika nne, kuna kondoo relini,
na mwishoni akaliweka lile neno.
Basi wa kwanza kunihani akawa yeye.
"Asante," nikamjibu, kwa sauti, kwa Kiswahili, "nimeshapoa."
Uongo. Lakini pole haiachwi hewani bila jibu.
Mbwa peke yake ndiye aliyenitazama.

Tukasimama Haydon Bridge.
Hapa ni Bardon Mill, akasema.
Tafadhali angalieni pengo kati ya treni na jukwaa.

Pengo.
La Mwero lilikuwa mbele, juu, kushoto,
alilipata kwenye harusi ya Nyevu
akifungua soda kwa meno, ili aonwe na wasichana.
Akaonwa. Akapigia mluzi humo miaka thelathini.
Kesho kutwa mtu atasimama matangani, atakohoa,
atasema marehemu ameacha pengo lisilozibika,
kama walivyosema kwa baba, kama walivyosema kwa diwani
aliyekula pesa za kisima,
maneno yaleyale, pumzi palepale,
na hakuna atakayeuliza ni nani aliyeyarekodi.

Hapa ni Bardon Mill.
Sikutaka mtu amsahihishe.
Bardon Mill simu ilikuwa haijaita.
Bardon Mill nilikuwa na kaka, na usingizi, na deni lake la kuku wawili
ambalo nilipanga kumkumbusha Jumapili.
Dakika tisa hivi treni ilikwenda
na mimi nikabaki na bibi, kule nyuma, kwenye hesabu yake mbovu.

"Hexham," akasema Robson, mkono begani mwangu.
"Hii ni yako, mwanangu."
Hapa ni Haydon Bridge, akasema bibi.
Basi habari imemfikia na yeye.

Nikachukua mfuko wangu, viatu vya zamu vikigongana ndani.
Mlango ukalia.
Nikaangalia chini, kama alivyotuambia:
maji meusi, kokoto, kopo la soda lililobonyea.
Nikaruka.