Jino la Juu, Kushoto

Mara tatu sasa kishikizo kimemdondoka Rıfkı,
mwoka mikate wa nyuma ya kituo cha treni, Erzurum.
Mara ya kwanza alikitema pamoja na ganda la mkate.
Mara ya pili alikimeza, akaniomba radhi
kana kwamba ameiba kijiko cha mwenyeji.
Leo amekileta ndani ya kasha la kiberiti,
kimelala juu ya pamba, kidogo kama punje ya mtama.

Meno mengine yote yameshika.
Ni hili moja tu, la mbele, juu, kushoto,
alilolivunja kwenye barafu akiwa na miaka tisa
na daktari wa jeshi akalijazia resini.
Nusu alijaliwa, nusu ya dukani.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Sawa. Lakini wahenga hawakuulizwa
ni gundi gani itashika juu ya hiyo pembe.

Kwa hiyo usiku niko maabara, ghorofa ya chini,
bomba la joto linakohoa, theluji imeziba nusu ya dirisha.
Nimekata vibonge sitini vya resini,
nikavizeesha kwa maji ya moto na maji ya baridi,
chai na aiskrimu, chai na aiskrimu, mara elfu tano.
Vingine nimevipaka asidi peke yake,
vingine nimevikwaruza kwa almasi,
vingine nimevipulizia mchanga hadi vikapoteza mng'aro,
maana kitu laini mno hakishikiki,
hata mtu.

Mashine inashusha patasi yake polepole. Namba zinapanda.
Asidi: kinaachia kabla sijaketi vizuri.
Almasi: afadhali.
Mchanga: kinang'ang'ania, kinang'ang'ania, tak!
na kinaondoka na kipande cha kijazo.
Nikafurahi. Nikaandika namba kwa wino mwekundu.

Profesa Müzeyyen akasoma, akavua miwani.
"Na siku ya kukitoa, utamwambia nini mwoka mikate?"

Sikuwa nimeifikiria siku ya kukitoa.
Miaka miwili ya kuvuta, halafu koleo,
halafu jino libaki lilivyokuwa.
Gundi ninayoitafuta imebeba ahadi mbili:
ishike mbele ya ganda gumu la mkate,
na iachie siku nitakayoiomba
bila kuondoka na kisicho chake.

Sijaona ndoa iliyovunjika hivyo,
yangu ikiwemo.

Asubuhi nimempulizia Rıfkı mchanga, kidogo tu,
nikapaka, nikabandika, nikamulika taa ya buluu
nikihesabu hadi ishirini.
"Ganda naweza kula?"
"Kwa meno ya pembeni."
"Hadi lini?"
Nikajifanya natafuta kioo.

Alipotoka, kasha la kiberiti lilibaki mezani kwangu.
Nilimkimbilia nalo mlangoni.
"Liache hapo hapo," akasema, akifunga skafu, "karibu."