Mizunguko Miwili Zaidi

Tofazzal, mwanangu,
lile zulia nililokuwa nikilishona usiku uliponipigia
limerudishwa.

Si kwa ubaya wa kazi. Nirmal mkaguzi aliligeuza,
akapitisha ukucha kwenye kila mshono,
hata akalinusa, maana huko linakokwenda
watu hawapendi kujua kwamba juti huoza kwanza
ndipo ing'ae.
Kisha akatandaza futi kamba yake:
"Oda ni futi nne, Morsheda. Hili limepita."

Limepita!
Na unanijua, mimi sipitishi.
Lakini ulianza kunisimulia habari za lifti,
mlivyokwama gizani juu ya ghorofa ya kumi,
wewe na Mnepali mmoja na mashine ya kufulia ya tajiri,
mkagawana biskuti,
na shazia ikawa inaingia, inatoka,
inaingia, inatoka,
mikono kwenye ukili,
akili Kuwait.

Mtandao ukakatika. Ukarudi.
Ukauliza kama bwawa limejaa.
Nikasema limejaa. Sikukwambia
kwamba mwaka huu niliingia mwenyewe,
maji kifuani, siku ya kumi na nane ya kuloweka,
nikachuna nyuzi matita tisini,
kwa kuwa vibarua wamepandisha ujira
na mgongo wa baba yako ndio huo.
Ukacheka kitu. Nami nikacheka.
Taa ya sola ikafifia. Sikuihitaji.

Ni mizunguko miwili, Tofazzal.
Niliihesabu nikiifumua mlangoni pa ghala,
wenzangu wakinitazama kwa pembe ya jicho:
wa kwanza unaishia pale fundi alipowafungulia,
wa pili unaanzia pale uliponyamaza
nami nikanyamaza
na hakuna aliyekata simu.
Mishono ya huo wa pili ilibana mno.
Ilibidi niing'oe kwa meno.

Sasa wamelipokea. Limepigwa kibandiko,
limeviringishwa, limekwenda.
Litalala mbele ya kitanda cha mtu nisiyemjua.
Asubuhi atashusha mguu, pengine atasema
linakwaruza kidogo.
Malipo wiki ijayo, wakishakata ya uzi.

Ukili uliobaki nimerudi nao nyumbani.
Dada yako Ruma aliutaka wa kufungia ndama,
nikamkatalia bila kumpa sababu.
Nimeuzungusha, nimeushona upya,
umekuwa kitu cha kuwekea sufuria ya moto,
kikubwa kupita sufuria yenyewe.
Leo wali umekiunguza katikati, doa jeusi la duara.
Mvua ikikaribia kinanuka bwawa.

Oda mpya ni ya mazulia ya mstatili.
Hayo yana kona, yanakwambia mahali pa kusimama.
Lakini piga.
Piga Ijumaa, baada ya zamu,
hata kama huna la kusema.