Kaunta Inasema Mbili

Nyabo Kyomugasho amesimama upande wa pili wa meza,
mkoba kifuani, kitabu cha waranti juu ya mkoba,
kurasa zake bado zinanuka duka.
"Sijaigusa," ananiambia. "Hata redio ni ile ile mliyonipa."
Nje, pikapu yake imevutwa kwa kamba kutoka Kabale,
udongo wa viazi kwenye bodi,
masizi yenye mafuta kwenye mdomo wa ekzosi.

Nachomeka waya chini ya usukani.
Gari halina aibu. Ukiliuliza kwa plagi sahihi
linakueleza lilikochemka, lilikozimika,
na mguu wa dereva ulikuwa mzito kiasi gani.
Na kule chini, baada ya tarakimu ambazo hakuna mteja anayezisoma,
iko kaunta ndogo: ubongo huu umeandikwa upya mara ngapi.
Kiwandani huondoka na sifuri.
Hili linasema mbili.

Siku za mwizi ni arobaini.
Za gari ni mbili tu,
ya kuandika na ya kufuta.

Naujua mkono. Ssenfuka wa Ndeeba,
kibanda cha nyuma, ukishawapita wauza springi,
laptopu yenye ufa, kitambaa cha jasho juu ya kibodi.
Humrudishia kila mtu ramani ya kiwanda kabla ya sevisi,
safi, isipokuwa feni. Feni huisahau.
Huitaka iwake kwenye digrii tisini na moja,
eti joto la Kampala lina kiburi.
Kiwanda kilisema tisini na sita.

Ndivyo alivyoiweka kwenye langu pia.
Ndiyo, langu. Subaru ya mwaka elfu mbili na mbili,
waranti yake iliisha huko huko ilikozaliwa.
Jumamosi moja nilimlipa laki tatu na nusu,
nikapanda kilima cha Muyenga tabo ikipiga mluzi,
nikacheka peke yangu kama kichaa.

Kwa hiyo sitamuuliza kwa nini.
Ni mlima wa Kanaba. Ni gunia la kumi na mbili,
lori la mbele linatambaa,
na Kalerwe bei ya viazi inashuka kila saa.

Tabo tumeifungua. Mhimili umekatika kama muwa.
Meneja atataka neno moja tu, shinikizo,
na faili litafungwa kabla ya chai.
Lakini bomba la oili nimelishika kwa mkono wangu:
limeziba kwenye kona, pale pale lilipoziba
kwenye gari la shirika la Gulu, kwenye la daktari wa Soroti,
kwenye la yule kasisi wa Hoima
ambaye hata taa za ukungu anaogopa kuziwasha.
Magari matatu yenye sifuri.
Na ramani ya Ssenfuka? Labda iliharakisha. Labda haikufanya kitu.
Swali hilo halina plagi.

"Nyabo," namwambia, "keti."
Haketi.
"Mwanangu aliniambia halitaonekana," anasema polepole,
macho kwenye kile kitabu, kama anayeyasoma humo.

Fomu ina mstari mmoja wa Chanzo.
Naandika bomba. Naandika kona, namba ya kipande, yale magari matatu.
Kisha naandika mbili,
kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi ya benki.
Mstari hautoshi. Namalizia pembeni,
napanda juu, nazunguka nembo ya kampuni.
Sijui huko ghorofani wataanza kusoma wapi.

Jioni napanda Muyenga kwa gia ya tatu,
mguu mwepesi.
Feni inawaka. Natazama kipimo.
Tisini na moja.