Kivuli cha Mfuko

Jumanne ya tatu, makumbusho madogo ya Matrah:
viti ishirini, watu tisa,
na kiyoyozi kinachotukunyata kama kuku wa mvua.
Dokta Qais akabonyeza,
ukutani likatandazwa blanketi la viraka
kutoka Alabama, buluu na kijivu.

"Tazameni mistari," akasema kwa Kiarabu,
"inavyokataa kunyooka.
Huu ni uchoraji usio na brashi."

Shangazi yangu Thuwaiba,
aliyeshona kofia miaka arubaini
na vitundu vyake huvihesabu hata gizani,
akanivuta shela, kwa Kiswahili:
"Hizo suruali za kazi.
Lile goti. Na pale palipokoza
palikuwa na mfuko. Jua halikupafikia."

Nikanyoosha mkono, nikafasiri.
Dokta akasogea mpaka buluu ikammwagikia shavuni,
kidole chake kikafuata pembe nne.
Naam. Mfuko.

"Basi muulize," shangazi akanong'ona,
naye kunong'ona hajui, ukumbi mzima ukageuka,
"zilipokatwa, mwenyewe alikuwa hai?"

Akapekua karatasi zake.
Zilikuwa na mwaka, upana, aina ya uzi.