Goti Linalojua Mkeka

Mguu wa kwanza waliniletea ndani ya sanduku,
rangi ya waridi, kama mtoto wa panya.
Wakasema ni msaada, umetoka mbali, nishukuru.
Nikashukuru. Mdomo una adabu zake.
Usiku nikaulaza kando ya mguu wangu mzima:
mgeni na mwenyeji
wasiojuana hata kwa salamu.

Fomu ilikuwa imeuliza:
Je, unaweza kukaa kitini?
Je, unaweza kupanda ngazi?
Mie mtu wa Kibra, nyumba yangu haina ngazi.
Maisha yangu yako chini:
chini nasuka tabaga, chini nachambua mchele,
chini nakaa msibani, bega kwa bega na wenzangu,
na paji langu la uso, mara tano kwa siku,
lina ahadi na sakafu.
Hilo halikuwa na kisanduku cha kutia alama.

Kijana wa dirishani alimuuliza mjukuu wangu:
"Anaumwa wapi? Ametumia dawa? Anajua kusoma?"
Ana, ame, ana,
kana kwamba mimi ni mzigo uliosahauliwa stendi.
Nikagonga dirisha kwa mkongojo.
Mwanangu, nikamwambia,
sukari ilichukua mguu.
Masikio iliniachia.

Na benchini, Julai hiyo,
baridi ya Nairobi ikiuma hadi kidole nisichokuwa nacho,
aliketi mvulana wa Kayole, Onditi.
Mama yake alikuwa ametumwa nje
kutoa kopi ya kitambulisho, ya tatu siku hiyo;
mtoto alinieleza yote kwa mikono,
mikono yenye haraka, shomoro wanaogombana.
Dirisha likaita: Onditi!
Likaita: Onditi!
Likaita mara ya tatu, kisha faili yake ikashuka
chini ya faili zote,
na mtu akaandika: hayupo.
Kiziwi ameitwa kwa sauti, ameandikwa hayupo,
naye yupo,
goti lake limegusa langu.

Ndipo akaja Nduku, fundi wa karakana ya nyuma,
vumbi la plasta kwenye nyusi.
Alikuja mwenyewe hadi Makina,
akavua viatu mlangoni,
akaketi mkekani, futi yake bado mfukoni.
"Bibi, siku yako huanza vipi?"
Nikamwonyesha. Nikainama, nikayumba,
nikaangukia mito, tukacheka,
naye akakipima hata kile kicheko:
goti lipinde hapa, kifundo kilegee hapa.
Akauliza habari za udhu,
maji yatapita wapi yasiozeshe mikanda.
Yeye, mwanakwaya wa Machakos, hajui rakaa.
Kuuliza anajua.

Rangi aliichanganya mara tatu
kwenye kifuniko cha ndoo, mkono wangu kando yake.
Ya tatu ilikaribia. Nikamwambia inatosha,
hata ile miwili niliyozaliwa nayo
haikulingana.

Alfajiri ile nilishuka.
Goti likalia kwii,
kama mlango wa chumba kilichofungwa tangu masika,
na paji likafika
palepale pamechakaa, mahali pangu.
Sisemi kama nililia. Mkeka unajua.

Ijumaa nikarudi kukazwa parafujo.
Onditi yuko benchini.
Dirisha linaita, linaita kwa sauti,
na Nduku hana amri juu ya dirisha.
Nikanyanyuka kwa mguu wangu wa rangi tatu,
nikasimama kati ya sauti na mtoto,
nikainua mkono, nikalisema jina lake
kama nilivyomwona akilisema yeye.

Nilikosea. Akacheka bila kujificha,
akakishika kidole changu,
akakinyoosha vizuri.