Kijiko Chenye Tundu

Begi nimelivaa mbele, kifuani, kama anayebeba mtoto.
Grogan ni ileile: springi za lori zimerundikwa njiani,
oili nyeusi inatafuta mtaro, na vijana wanne pembeni
wanakutazama viatu kwanza, kisha mfuko, kisha uso,
kama uso bado una kazi.

"Bosi, unatafuta spea gani?"
Natafuta hoteli, nasema. Ile ya kushuka ngazi tatu.
Wanacheka. Mmoja ananionyesha kwa kidevu.

Ipo.
Kuta bado ni kijani hadi begani, juu yake rangi ya maziwa yaliyoungua.
Keshia bado anakaa ndani ya kizimba cha nondo,
unalipa kabla hujala, anakusukumia kibati:
cha bluu, chai; chekundu, maharagwe;
cha njano ni nyama, na cha njano
tulikishika mara mbili tu, mimi na baba,
katika miaka mitano ya Jumamosi.
Enzi zile kizimbani alikuwa Nzilani,
aliyehesabu chenji bila kuacha kufuma.
Sasa ni msichana anayetafuna ubani;
namba ya kulipia kwa simu ameiandika ukutani
kwa rangi ya kucha.

"Ndondo moja, chapati mbili, moto!"
Huyo ni Shiundu. Mgongo umekunjika, sauti imenyooka.

Nakaa meza ya tano, chini ya saa iliyosimama,
mahali alipopapenda baba kwa sababu
hakuna anayeweza kukujia kwa nyuma.
Hapo ndipo nilipomuuliza, nina miaka saba,
mbona vijiko vyote vimetobolewa katikati.
"Ili visitoroke," alisema.
"Nani ataiba kitu kinachovuja?"
Nilikula mbio, kinywa kikishindana na tundu,
mchuzi ukinidondokea shatini, naye akicheka,
yeye ambaye nyumbani meno yake tuliyaona kwa nadra.

Mfukoni ninacho.
Nilikikuta kwenye sanduku lake baada ya matanga,
kimeviringishwa gazetini pamoja na kitambulisho
na funguo zisizojua mlango.
Kijiko. Tundu katikati.
Kumbe mzee aliiba, nikawaza.
Wiki nzima nilitembea na aibu yake,
kisha nikasema nitakirudisha,
deni la marehemu lisilale nje.

Shiundu anakipokea, anakiinua kwenye taa,
anachungulia tunduni kama anayetafuta mtu ng'ambo.
"Hiki si chetu."
"Mzee, tazama tundu."
"Nimelitazama. Vyetu vilitobolewa kwa drili,
hapo kwa Ndambuki wa radieta, mviringo safi.
Hiki kimepigwa msumari.
Ona kingo zilivyochanika. Aliyefanya hivi
hakuwa na meza ya kazi. Wala taa nzuri."

Mwaka ule karakana ilifungwa.
Jumamosi zikaisha, hakuna aliyeeleza.
Ila moja, chumbani kwetu Kaloleni,
baba alijitupia kitambaa begani,
akapaza sauti kuelekea jiko tusilokuwa nalo:
"Ndondo moja, moto!"
Mama aligeukia ukuta.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimejiona mtu mzima.
Nikasema sina njaa.

Sahani naikumbuka, ile ya bati yenye ua.
Mvuke naukumbuka.
Kijiko, hapana. Sikukitazama.

"Sasa, unakiacha au?"
Nanyoosha mkono. Shiundu ananirudishia,
anaingia jikoni bila kupaza sauti,
anarudi na maharagwe ambayo sijayalipia kibati.
Nakula kwa kijiko changu.
Kinavuja vibaya kuliko vyao,
na shati nililovaa ni jeupe.

Mlangoni ananishika kiwiko.
"Ukipanda hizo ngazi, simu weka ndani."
Anafikiri kidogo.
"Na hicho pia."